Kama unasomea kwenye gari, nunua kifaa cha kusomea kinachoingia mfukoni

Kila Jumatatu alfajiri napanda Coaster stendi ya Moshi kwenda kazini Arusha, na Ijumaa jioni narudi. Ni kama kilomita 80, lakini gari likishapakia na kushusha Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, saa mbili zimekwisha. Ndani ya saa hizo ndimo nilimojifunza karibu yote ninayoyajua kuhusu vifaa vya kusomea vitabu, hivi ambavyo wengi wetu tunaviita Kindle hata vikiwa vya kampuni nyingine. Watu huniuliza wanunue kipi. Huwa nawaambia cha inchi 6, isipokuwa watu wa aina mbili nitakaowataja.

Sababu yangu ya kwanza ni mkono. Kwenye Coaster mkono mmoja umeshika begi au chuma cha kiti cha mbele, unabaki mmoja wa kusomea na kufungulia kurasa. Kindle ya kawaida ya 2022 au 2024 ina gramu 158, Clara BW ya kampuni ya Kobo ina 174, na Kindle Paperwhite ya 2024 yenye inchi 7 inafika 211. Kwa kusikia tu, hizo gramu hamsini si kitu. Shikilia kwa mkono mmoja kutoka Boma hadi Usa, kidole gumba kitakueleza. Ya pili ni mfuko. Mwanzoni niliazima kishikwambi cha ndugu yangu, kizuri kabisa, lakini kilidai begi lake, na siku nisizobeba begi sikusoma. Hiki kidogo kinakaa mfuko wa ndani wa jaketi, kwa hiyo ninacho kwenye foleni ya benki, kwa kinyozi, na pale ninapomsubiri mtu aliyesema yuko njiani.

Skrini yake haimuliki kama ya simu. Ndani mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme unazivuta zipande au zishuke, na zikishatulia ukurasa unabaki pale bila kula chaji. Ndiyo maana jua la saa saba mchana halikusumbui, tena maandishi yanazidi kuonekana, na umeme ukikatika siku mbili hustuki. Mimi nachaji kila baada ya wiki mbili au tatu.

Sasa niseme kilichoniumiza. Kifaa changu cha kwanza nilikiweka ndani ya begi bila kava, begi likawa chini ya miguu, gari likajaa mpaka konda akasimama mlangoni. Nilipokitoa Arusha, juu hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikakiwasha: nusu ya juu ya skrini ilibaki na picha ileile, imeganda, na nusu ya chini ilifungua kurasa kama kawaida, katikati mstari mweusi umekatisha maneno. Kioo kinachovunjika kwenye vifaa hivi mara nyingi ni cha ndani, chembamba, na hakihitaji kuangushwa, kinahitaji kukandamizwa tu. Fundi wa simu alikigeuza mara mbili, akaniambia kioo hana. Nunua kava gumu siku ileile unayonunua kifaa, hata kama itabidi kifaa kiwe cha bei nafuu zaidi.

Cha pili nilinunua mkononi mwa mtu, na nikakuta kimesajiliwa kwa akaunti ya mwenye nacho wa kwanza. Nilihangaika karibu mwezi. Ukinunua kilichotumika, mwambie muuzaji afute usajili mbele ya macho yako, kisha wewe uingize akaunti yako kwa hotspoti ya simu yako kabla hela haijatoka. Kama ni Kindle ya kawaida, angalia pia tundu la chaji. Zile za kabla ya 2022 zina tundu la zamani, si la Type-C, na skrini zake ni za nukta 167 kwa inchi, wakati za kuanzia 2022 zina 300. Herufi ndogo kwenye ile ya zamani zina ukungu kidogo, na gari likirukaruka utauona.

Siku hizi natumia Clara BW. Haiogopi maji, na masika ya huku yanajulikana. Taa yake ya kusomea gizani unaweza kuigeuza iwe ya manjano usiku, jambo ambalo Kindle ya kawaida haina. Kitabu cha EPUB, yaani faili la kawaida la vitabu vya kielektroniki, nakihamisha kwa waya kutoka kwenye kompyuta na kinafunguka, basi. Kwenye Kindle itabidi kibadilishwe kwanza, kwa mfano kwa kukituma kwa huduma yao. Ukubwa wa hifadhi usikutoe hela zaidi: riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata MB 2, na GB 16 zinatosha kwa miaka. Kuna pia Boox Palma, yenye umbo la simu kabisa na inayotumia Android. Ni nyepesi na nzuri, ila mimi siitaki, kwa sababu WhatsApp ingenifuata hadi humo.

Watu wasionunue cha inchi 6 ni hawa. Kwanza, wanaosoma PDF: wanafunzi wa chuo, wanasheria, walimu wenye makabrasha. Ukurasa wa A4 ukibanwa humo herufi zinakuwa sisimizi, na kusogeza ukurasa huku na kule kunachosha kuliko kusoma kwenyewe.

Pili, wanaohitaji herufi kubwa. Hili nilifundishwa na mzee mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja. Tulipopita Kikatiti akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu yako mbona haina mwanga?" Nikampa aishike. Nilikuza herufi mara nne, ya tano akasema, "Hapo hapo," akavua miwani, akasoma akichezesha midomo mpaka Usa River. Nilifurahi, lakini nilipochungulia nikaona tatizo: kila mstari ulikuwa na maneno mawili matatu. Kiswahili chetu kina maneno marefu, na neno kama "walivyosaidiana" likikutana na jingine la namna hiyo kwenye skrini ndogo, kifaa huyasukuma yote mawili pembeni na kuacha pengo katikati kama jino lililong'oka. Hata wewe usiyekuza herufi, ingia kwenye mipangilio uchague mistari ianzie kushoto bila kunyooshwa upande wa kulia. Mapengo yanaondoka papo hapo.

Kwa sababu ya mzee yule, mama yangu wa Marangu nilimnunulia ya inchi 7. Nilimpangia herufi na mistari kabla sijampelekea, na nikazima mtandao usiotumika. Yeye husomea barazani jioni, akiwa amekaa, na zile gramu 211 anaziegemeza kwenye paja.