Usizitoe dawa za mama kwenye pakiti zake

SWALI: Daktari, mwezi Julai mimi na mama tunasafiri kwa ndege hadi Mahé, Ushelisheli, kisha tutakaa siku 7 kwenye boti ya tanga tukizunguka visiwa. Mama ana miaka 66. Ana kisukari (anajidunga insulini ya kalamu na kumeza metformini) na presha (amlodipini pamoja na kidonge cha kutoa maji mwilini). Kila mmoja ana begi dogo la mkononi la kilo 7 na jingine la kuingia tumboni mwa ndege. Binamu yangu ameniambia nitoe vidonge vyote kwenye pakiti nivitie katika mkebe mmoja ili nipate nafasi, na insulini niiweke kwenye begi kubwa kwa kuwa vitu vya majimaji havipiti ukaguzi. Kuna pia muuzaji mtandaoni mwenye mchanganyiko wa vidonge vya kuzuia kulewa bahari, anavipanga kwenye bahasha za kaki. Ninunue? — Msomaji, Donholm, Nairobi

JIBU: Bahasha hiyo usiinunue, dada, na vidonge vya mama visitoke kwenye pakiti zake. Ushauri wa binamu yako naukuta kwenye duka langu la dawa kila msimu wa likizo, na mara nyingi naukuta umeshatekelezwa. Mtu ananiwekea mezani mkebe wa peremende uliojaa vidonge na kuniuliza kipi ni cha presha. Siwezi kumjibu. Hakuna mfamasia anayeweza kumjibu kwa uhakika kwa kutazama tu, na anayejaribu anabahatisha na maisha ya mtu.

Chukua dawa za mama yako mwenyewe. Amlodipini za watengenezaji wengi ni vidonge vidogo vyeupe. Kidonge cha kutoa maji mwilini nacho mara nyingi ni kidogo, cheupe, cha mviringo. Dawa ya mzio ni hivyo hivyo, na sinarizini ya kuzuia kulewa bahari ni hivyo hivyo. Viweke vyote kwenye mkebe mmoja, kisha mwache mama achague usiku, taa ikiwa hafifu na boti inayumba. Akimeza viwili vya kutoa maji akidhani kimoja ni cha kichefuchefu, naye ametapika tangu asubuhi, presha yake inaweza kushuka hadi aanguke. Kwa familia nyingine hatari ni kubwa zaidi. Glibenklamidi ya kisukari nayo mara nyingi ni ndogo na nyeupe. Mtu asiye na kisukari akiimeza kwa makosa, sukari yake inaweza kushuka hadi azirai, na ikarudi kushuka tena saa nyingi baadaye, maana dawa hiyo haiishi nguvu upesi.

Halafu watu hudhani foili, ile karatasi ya bati inayofunika vidonge kwenye pakiti, ni ya kupendezesha tu. Foili imewekwa kuzuia unyevu, hewa na mwanga, na kwenye boti unyevu haukupi nafasi ya kupumua, usiku wala mchana. Aspirini iliyoachwa wazi kwenye hewa kama hiyo huanza kuvunjika, na ukiinusa utasikia harufu ya siki, kwa sababu asidi ya siki ndiyo inayotoka ndani yake. Nifedipini, ambayo wagonjwa wengi wa presha wanaitumia, huharibiwa na mwanga. Nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi, ile ya maumivu ya kifua, lazima ibaki kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa; ukiihamishia kwenye plastiki nguvu yake inapungua, na utakuja kugundua siku ambayo kifua kimebana na bandari iko mbali.

Ukitaka nafasi, tupa maboksi ya nje tu. Kabla ya kuyatupa, kata ile karatasi yenye jina la mama na maelekezo ya kumeza, uifunge kwa mpira pamoja na pakiti za foili zenyewe. Pakiti usizikate kwa mkasi, kwa sababu jina, tarehe ya mwisho ya kutumia na namba ya toleo mara nyingi vimechapwa upande mmoja tu. Dawa za wiki mbili zikiwa kwenye foili zake hazifikii uzito wa jozi ya kandambili. Kwa hiyo hoja ya nafasi mimi siikubali. Ondoa shati moja.

Kuhusu insulini binamu amekosea mara mbili. Kikomo cha mililita 100 cha vitu vya majimaji kwenye begi la mkononi hakihusu dawa ambazo abiria anazihitaji safarini. Na hata kingehusu, kalamu moja ya insulini ina mililita 3. Sindano zake nazo hupita zikiwa pamoja na insulini na barua ya daktari. Pale uwanja wa ndege wa JKIA mtakaguliwa zaidi ya mara moja, kuanzia kabla hamjafika kwenye jengo la abiria, basi mfuko wa dawa uwe juu kabisa ya begi, mama autoe mwenyewe na aseme ni insulini kabla hajaulizwa. Mashine ya eksirei ya mizigo haiiharibu.

Kinachoiharibu ni tumbo la ndege. Humo baridi inaweza kuwa kali, na insulini ikiganda hata mara moja imekwisha kazi. Ikiyeyuka tena itaonekana nzima lakini haiaminiki. Zaidi ya hapo, begi la tumboni likichelewa siku mbili wewe ukiwa hotelini mjini, utaletewa. Ukiwa kwenye boti ya tanga, nanga imeshang'olewa na nahodha anafuata upepo. Hakuna dereva wa kukukimbizia begi katikati ya visiwa vya Mahé na Praslin.

Kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii. Ndege ikijaa, wahudumu langoni huchukua baadhi ya mabegi ya mkononi na kuyashusha tumboni. Wataomba kwa upole, na wewe utakubali kwa haraka. Kwa hiyo dawa zisisambae ndani ya begi. Ziwe kwenye mfuko mmoja wa zipu ambao mama anaweza kuuchomoa kwa mkono mmoja na kubaki nao kitini. Nusu ya akiba ikae kwako, nusu kwake, na mbebe za siku kadhaa zaidi ya siku za safari. Kipima sukari, vijiti vyake na kitu kitamu cha haraka kama glukosi viende humo humo.

Watu pia huhangaika sana na barafu. Aina nyingi za insulini zikishaanza kutumika hukaa nje ya friji takriban wiki 4, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Karatasi ya ndani ya boksi itakueleza kuhusu aina ya mama. Friji ni ya zile ambazo hazijafunguliwa, nyuzi 2 hadi 8. Kwa safari ya wiki moja, mama anaweza kuishi bila friji kabisa. Friji ndogo za boti huganda karibu na bamba la ubaridi, na kwenye sanduku la barafu insulini iliyogusana na barafu nayo huganda. Mnunulie mfuko ule wa kulowesha kwa maji, unaopoa kadiri maji yanavyokauka, autundike ndani ya chumba mahali pasipo na jua. Sitahani jua la saa sita likiipata kalamu, hiyo kalamu itupeni.

Sasa kulewa bahari. Julai ni upepo wa kusi, na kusi hilo hilo linalochafua bahari ya Lamu ndilo linalovuma Ushelisheli. Msitarajie maji ya kioo. Dawa za kuzuia kulewa humezwa kabla ya kung'oa nanga; mtu akishaanza kutapika, kidonge kinatoka na kilichobaki tumboni hakinyonywi vizuri. Karibu zote huleta usingizi, promethazini zaidi ya nyingine, na mama wa miaka 66 mwenye usingizi kwenye sitaha inayoyumba anaweza kuvunjika nyonga. Zile zenye hayosini, dawa nyingine ya kuzuia kulewa bahari, hazimfai mwenye aina fulani za presha ya macho. Tangawizi haina neno, mletee.

Ila swali kubwa kwa mama ni siku ya kutapika yenyewe. Amejidunga insulini, chakula hakikai, sukari inashuka. Amemeza kidonge cha kutoa maji, naye anapoteza maji mengine kwa kutapika. Wengine wakiona hivyo huacha insulini yote, na hilo nalo ni hatari. Mpelekeni kwa daktari wake kabla ya safari, awaandikie kwa mkono wake: akitapika, insulini ipunguzwe kiasi gani, metformini na kile kidonge cha maji visimame lini, sukari ipimwe kila baada ya saa ngapi. Karatasi hiyo ikae na dawa, pamoja na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Hapo hapo muulize chanjo ya homa ya manjano. Ushelisheli hudai cheti kwa wanaotoka Kenya, cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na kwa aliyepita miaka 60 akichanjwa mara ya kwanza, daktari lazima apime hatari yake kwanza. Msiende wiki ya mwisho.

Narudi kwa muuzaji wa bahasha, maana yeye ndiye anayenikosesha raha. Hajui kama mama ana kisukari. Hakuuliza. Hajui kama mnunuzi mwingine ana tezi dume iliyovimba, ambaye dawa za namna hiyo zinaweza kumzuia kukojoa kabisa. Anachanganya vidonge viwili au vitatu vya usingizi kwa sababu mteja akilala atasema dawa ni kali, na atamletea wateja wengine. Na si vya bahari tu. Bahasha hizo hizo zinauzwa kwa wanaokwenda kazi nchi za Ghuba, wanaopanda mabasi ya usiku, hata wanaopeleka watoto ushago. Mtu akishuka Falme za Kiarabu na bahasha isiyo na jina, ndani kukiwa na tramadoli au kodeini, dawa kali za maumivu, hana cha kumwambia afisa. Dawa hizo huko zinahitaji kibali kilichoombwa mapema. Mwenye pakiti, cheti cha daktari na barua ana cha kuonyesha.

Duka halali la dawa lina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imebandikwa ukutani, na lina mtu anayekuuliza maswali kabla ya kukuuzia. Huyo wa mtandaoni mwandikie leo, umwombe jina la kila kidonge, nguvu yake kwa miligramu, mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya kutumia. Asipokujibu yote manne, mfute. Kisha mpeleke mama kwenye duka halali la dawa lililo karibu nanyi, mwende na pakiti zake zote, mzipange pamoja na mfamasia kabla ya Julai.