Nimesilimu, Naitwa Victoria: Je, Nibadili Jina?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe wangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza na nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilisilimu kabla ya kuolewa, na miaka yote nimeendelea kuitwa Victoria, jina la bibi yangu mzaa mama. Mwaka huu nimejiunga na darasa la akina mama, na ustadhi amegoma kuniandika kwenye daftari. Anasema hilo ni jina la kikafiri, la malkia aliyetutawala, tena asili yake ni mungu wa kike wa Warumi. Wenzangu nao wananitania, eti mimi ni MV Victoria, meli ya kwenda Bukoba. Sasa nimeandikiwa cheti kipya cha kusilimu, "Zainabu Abdallah". Mume wangu anasema nikubali yaishe. Mama yangu yuko Sengerema, amesikia nimelitupa jina la mama yake, hapokei simu zangu. Je, Uislamu wangu una kasoro kwa sababu ya jina?

JIBU: Wa alaykumus salaam, binti yangu. Uislamu wako hauna kasoro yoyote kwa sababu ya jina. Shahada yako ilitimia siku ulipoitamka, nawe ulikuwa Victoria. Hulazimiki kulibadili. Ukipenda mwenyewe kuitwa Zainabu, ni jina zuri na hakuna wa kukuzuia. Usipopenda, hakuna wa kukulazimisha.

Ningeweza kuishia hapo. Ila katika ujumbe wako kuna jambo umelipita haraka, nami ndilo lililoninyima raha: hilo "Abdallah" lililokaa mahali pa jina la baba yako. Nitalifikia. Kwanza nimjibu ustadhi, maana si yeye peke yake mwenye kusema haya. Kila anaposilimu mtu katika mji huu, kabla hajafundishwa hata kutia udhu, ameshapewa jina.

Hoja yao kubwa ni kwamba Mtume (s.a.w.) alibadili majina ya watu. Kweli, alibadili. Lakini alibadili yapi? Alimbadilisha mwanamke ambaye jina lake lilimaanisha muasi, akamwita Jamila. Abdurrahman bin Auf zamani za ujahili aliitwa Abdu Amr, yaani mja wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu; likaondoka. Na Zainabu, jina hilohilo ulilopewa wewe, lilikuja badala ya Barra, "mwema". Barra ni Kiarabu safi! Mtume alilibadili kwa kuwa mwenye kuitwa hivyo anajisifia wema, akasema msijitakase nafsi zenu. Ustadhi anaishika hadithi hii kuondoa jina lisilo la Kiarabu, hali ya kuwa lililoondolewa ni la Kiarabu na sababu yake ni nyingine kabisa. Hapo dalili imeshikwa kichwa chini miguu juu.

Ambao hawakubadilishwa ndio wengi. Khadija, Umar, Khalid, Bilal, wote walipewa majina hayo na wazazi ambao hawakuwa Waislamu, wakaingia nayo katika dini. Na Bibi Maria, mama yake Ibrahim mwana wa Mtume, aliletwa kutoka Misri kwa Wakibti akiitwa Maria, akaishi katika himaya ya Mtume akiitwa Maria, akafa akiitwa Maria. Nenda parokia yoyote ya Mwanza siku ya Jumapili uite "Maria!" uone ni wangapi watakaogeuka. Jina la kushirikiana na wengine halikumtia doa mama wa Ibrahim.

Sasa malkia. Huyo Victoria wa Uingereza alitawala tangu 1837 mpaka 1901, na ni kweli John Hanning Speke alipolifikia ziwa letu upande huu wa Mwanza mwaka 1858 alilipachika jina la malkia wake, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lake. Lakini kusema "alitutawala" ni kuikosea historia. Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani. Waingereza waliichukua 1916, malkia ameshazikwa. Hata hivyo, tuseme angekuwa ametutawala na kututesa, je, ubaya wake unamfuata kila mwenye jina lake? Kiongozi wa wanafiki Madina aliitwa Abdullah bin Ubayy. Mwanawe, muumini wa kweli, naye aliitwa Abdullah, na imepokewa kuwa Mtume mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo. Aliyemuua Ali bin Abi Talib ni Abdurrahman bin Muljam. Mbona watoto wetu tunaendelea kuwaita Abdurrahman?

Liko na swali la watu wa Najran, Wakristo wa Arabuni. Walimuuliza sahaba Mughira bin Shu'ba: mbona Qur'ani inamwita Mariamu "dada wa Harun", na kati ya Harun na yeye zimepita zama? Alipomuuliza Mtume, aliambiwa kuwa watu wale walikuwa wakijiita kwa majina ya Manabii na watu wema waliowatangulia. Hadithi hii iko kwa Imamu Muslim. Basi jina moja hubebwa na watu wengi, na kila mmoja ana hesabu yake. Jina lako limebebwa na ziwa, na maporomoko ya Zambezi, na mji mkuu wa Shelisheli, na jimbo zima la Australia, na mnyonya damu wa kwenye filamu za vijana. Wewe si yeyote kati ya hao. Wala meli si tusi, binti yangu. MV Victoria ilirudi majini 2020 baada ya ukarabati, ikaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, na masheikh wa Mwanza wakiwa na safari ya Bukoba huipanda kwa bismillahi wala hawaulizi imesilimu lini. Tena Speke alipofika ziwani alifuatana na Mwislamu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani mpaka India akarudi huru. Jina lake la mwisho ni la mji wa Wahindi, na Mubarak hakupungukiwa kitu.

Kuhusu mungu wa Warumi, nitasema kidogo tu. Machi ni Mars, mungu wao wa vita. Ustadhi akiacha kuandika Machi kwenye kadi za harusi, aje tuzungumze.

Hoja moja tu katika hizi ina uzito, nayo nitaiheshimu. Mwanachuoni wa zamani Ibnul Qayyim aliyagawa majina: ya Waislamu peke yao, ya wasiokuwa Waislamu peke yao kama Jirjis na Butrus, na ya kushirikiana. Wapo wanaosema Victoria ni la fungu la pili kwa sababu kwetu hutolewa kanisani kwa ubatizo. Mimi sioni hivyo. Fungu la pili ni la jina ambalo likitajwa tu linakuwa alama ya dini fulani, na hili, kama nilivyokuonyesha, limetapakaa kila mahali hadi limekuwa la wote. Wala hatumpi jina mtoto mchanga hapa. Huyu ni mtu mzima ambaye kitambulisho chake cha NIDA, cheti chake cha shule na laini yake ya simu vyote vinasoma Victoria. Majina yasipooana, anajua mwenyewe atakayoulizwa dirishani. Dini haikuja kumtia mtu taabu ya bure. Na hao hao wanaokukatalia Victoria hawajamgusa Mwislamu anayeitwa Kabula au Minza, majina ya Kisukuma, na ni sawa kutomgusa. Ila wangekuwa na bidii ya sunna kweli, wangeanza na wanaoitwa Shida, Tabu na Mashaka, waliojaa misikitini kwetu. Hayo ndiyo majina ambayo maana yake inastahili kubadilishwa.

Sasa Abdallah. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 5: waiteni kwa baba zao, huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Na Mtume amesema kuwa mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake, hali ya kuwa anajua, Pepo ni haramu kwake. Huniambii kwamba "kila mtu ni mja wa Allah, kwa hiyo Abdallah ni baba wa wote". Hii ni hila ya maneno. Ikrima alisilimu na akabaki bin Abi Jahl, na Abu Jahl unamjua, adui mkubwa wa Mtume. Bibi Safiya aliingia nyumba ya Mtume akabaki bint Huyay, na Huyay alikuwa adui wa Waislamu. Aliposimangwa kuwa ni binti wa Myahudi akalia, Mtume hakumtafutia baba mwingine. Alimwambia ajibu kuwa yeye ni binti wa Nabii, na ami yake ni Nabii, akimaanisha Harun na Musa. Baba yako wa Sengerema hakukuudhi kwa lolote, afutwe kwenye karatasi kwa kosa gani?

Basi cheti hicho ukirudishe kiandikwe upya: jina lako utakalolichagua mwenyewe, kisha jina la baba yako, kisha la babu yako. Hili la baba halina hiari. Mumeo asikwambie yaishe. Amwendee ustadhi yeye mwenyewe, kwa adabu, na ustadhi akiwa na neno zaidi mlango wangu anaujua.

Na mama yako. Asmaa binti ya Abubakari alitembelewa na mama yake akiwa bado mshirikina, akauliza kama aunge naye undugu. Mtume akamwambia: ndiyo, muunge mama yako. Usimwelezee haya kwenye simu, kwanza hapokei. Nenda. Daraja la Kigongo–Busisi limekwisha kufunguliwa, safari ya Sengerema si ya kupanga foleni ya feri tena. Usiende mikono mitupu. Wewe ni mtu wa Mwaloni, unajua sato gani mama anampenda. Chukua wajukuu, na mume pia, akaamkie kama mkwe. Mwambie mama kuwa jina la bibi hukulitupa, na kwamba dini yako haikukuamuru ulitupe. Akikasirika, nyamaza. Usianze mjadala wa dini siku hiyo, na usikatae chakula chake kilicho halali kwa kujionyesha. Nenda wiki hii, usisubiri akupigie yeye.

Wallahu aalam.