Benki ina pesa, mbona mkopo hautoki?

Meneja ameniambia "kwa sasa hatuna ukwasi". Benki inaishiwaje pesa? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro)

Haijaishiwa. Ukwasi ni taslimu pamoja na mali inayogeuka taslimu upesi, kama dhamana za serikali za muda mfupi (hati za kuikopesha serikali), ili ukienda kutoa zako usirudishwe. Benki Kuu ya Tanzania inataka mali hizo zisishuke chini ya asilimia 20 ya madeni ambayo benki inaweza kudaiwa wakati wowote. Benki ikikaribia hapo, mikopo mipya ndiyo husimamishwa kwanza.

Serikali ikihamisha pesa zake, mimi inanihusu nini? (Dodoma)

Inakuhusu sana. Mwaka 2016 mashirika ya umma yaliagizwa kupeleka amana zao Benki Kuu. Hoja ilikuwa nzito: benki zilipokea amana hizo, zikanunulia dhamana za serikali, na serikali ikajikuta inakopeshwa pesa yake kwa riba! Ila benki zilizozizoea zilibanwa. Aprili 2017 Benki Kuu ikapunguza sehemu ya amana ambayo kila benki lazima iiweke kwake, kutoka asilimia 10 hadi 8. Kufikia Juni 2020 ikawa 6. Kwa kila Sh100,000 za amana, Sh4,000 zaidi zikawa huru kukopeshwa.

Basi mikopo ikamiminika? (Mbeya)

Wapi! Wakati ule mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, ilikuwa imepita asilimia 10 ya mikopo yote, ilhali Benki Kuu inataka isizidi 5. Benki yenye madeni mabovu ikipata pesa, hukimbilia hatifungani za serikali (dhamana za muda mrefu), na sioni ajabu. Kenya nako, sheria ya Septemba 2016 ilipoweka kikomo cha riba, benki kubwa zilikuwa na ukwasi lakini wafanyabiashara wadogo wakanyimwa. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019.

Benki tano zilizofungwa Januari 2018 zilikosa ukwasi? (Njombe)

Kilichozifunga ni upungufu wa mtaji, yaani fedha za wenye benki wenyewe. Ni jambo jingine.

Nitajuaje kama meneja ananidanganya? (Morogoro tena)

Kila robo mwaka benki huchapisha taarifa zake za fedha. Tafuta mstari wa uwiano wa mikopo kwa amana. Ukikuta asilimia 95, yaani karibu amana zote zimeshakopeshwa, huenda anasema kweli. Ukikuta 60, rudi ukaulize faili lako lina kasoro gani.