Kukarabati ndani ya Mustang ya 1965 nyumbani: anza na maji

Kosa la kwanza la mgeni wa kazi hii ni kuagiza siti. Maboksi yanafika, makava mapya yananukia dukani, na gari lenyewe bado linavuja. Mustang za 1965 hadi 1968 zina ugonjwa mmoja unaojulikana na kila aliyewahi kuzifungua, nao uko chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa. Pale pana mabati mawili yaliyolehemiwa pamoja yakafanya mfereji. Ndani ya mfereji tundu la hewa limezungushiwa kola ya bati, mfano wa kofia iliyokatwa juu, ili maji yapite pembeni. Kola ikiliwa na kutu, mvua inashuka moja kwa moja miguuni, chini ya kapeti, mahali ambapo hakuna anayeiona.

Kwa hiyo ng'oa kapeti, zibua majani yaliyojaa kwenye mfereji, kisha lala chali chini ya dashibodi na tochi. Mwenzako amimine maji polepole juu ya matundu, kama lita 10 kila upande. Maji yote yatokee nje, nyuma ya madigadi ya mbele. Tone likiingia ndani, kazi nyingine zote zisubiri. Kupaka silikoni kwa chini ni kujidanganya: maji yanabaki katikati ya mabati na kutu inaendelea kula. Tiba ni kutoboa alama za kulehemu moja moja, kuinua bati la juu na kuweka kola mpya. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato. Wakati uko huko, ipime pia redieta ndogo ya hita kwa presha, maana ikipasuka baadaye itamwaga maji yake juu ya kapeti jipya.

Sakafu ipime kwa bisibisi: bonyeza kwa nguvu kila mahali, hasa miguuni na kuzunguka vitako vya siti. Inapozama, kata hadi ufike kwenye bati zima, ukalehemu kiraka cha geji 18, yaani unene wa milimita 1.2 hivi. Gari la hema, yaani lenye paa la turubai linalokunjwa, likatwe tu baada ya kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango. Halina paa la kulibeba, litapinda katikati na milango haitafunga tena. Jambo moja la usalama: kwenye gari hili sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti. Usiwashe grinda wala mashine ya kulehemu upande wa nyuma kabla ya kulishusha.

Kuhusu kufungua: toa betri kwanza. Nati zote ni za inchi, na spana za milimita za magari ya Kijapani zitakuponza. Namba 13 inaelekea kukaa kwenye nati ya 1/2, kisha inateleza na kuila kona. Namba 14 haiingii kabisa kwenye 9/16. Nati za siti za mbele ziko chini ya gari, nyuma ya vizibo vya mpira. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Kila kundi la skrubu liwe na mfuko wake wenye maandishi. Kibati cha mlango wa dereva kina namba ya msimbo wa rangi ya ndani (26 kwa mwaka 1965 ni reksini nyeusi ya kawaida). Kisome kabla ya kuagiza, kwani makava ya kawaida ya 1965 na ya 1966 hayafanani.

Geji za dashibodi huwatia wengi wasiwasi bure. Geji za mafuta na joto hazitumii volti 12; kuna kirekebishaji cha volti nyuma ya paneli ya geji kinachozipa wastani wa volti 5. Ukizijaribu moja kwa moja kwa betri utaziunguza. Kirekebishaji hicho kinapata athi (njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi) kwenye bati la paneli. Ukilipaka rangi vizuri kila mahali, athi inakatika, na geji zote mbili zitapanda juu kwa pamoja. Kwangua rangi pale skrubu yake inapokaa.

Kitambaa cha dari kinatangulia kapeti na siti, na ndicho kinachodai uvumilivu. Kinashikwa na fito za chuma zilizopita kwenye mifuko yake. Kila ufito una urefu na mpindo wake, hivyo uandike namba kwa karatasi ya gundi, pamoja na tundu ulilochomekwa. Kioo cha mbele na cha nyuma vikitoka, kazi inakuwa nusu. Anika kitambaa juani kilainike, anza na ufito wa nyuma, vuta kuja mbele. Ncha za mifuko zikatwe sentimita moja moja: ukizidisha, ufito unachungulia na hakuna wa kuuficha. Gundi ipakwe pande zote mbili, ngoja ikauke hadi isishike kidole, kisha bana kwa klipu za karatasi. Tundu la taa kata mwisho.

Kapeti lililofinyangwa huja vipande viwili. Weka cha nyuma kwanza, cha mbele kikilalie. Matundu ya boliti za mikanda na siti usitoboe kwa drili hata siku moja. Drili inanasa uzi mmoja, inauzungusha, na kapeti linafumuka mstari mzima mpaka mlangoni. Tumia pasi ya kulehemu nyaya iliyopata moto: inayeyusha nyuzi na kufunga ukingo wa tundu.

Siti zenyewe zifuate, tena moja moja, ili nyingine ibaki kielelezo. Chomoa fimbo nyembamba za waya kwenye kava la zamani, kwani mapya mara nyingi huja bila hizo. Funika sponji kwa mfuko mwembamba wa nailoni ili kava liteleze, na funga pete za chuma zinazoshika kava kwa koleo lake kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, mshono utapinda.

Milango imalizie. Maji hupita kila siku kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, hilo ni kawaida. Bandika karatasi ya nailoni nyuma ya paneli, ncha ya chini iingie ndani ya mlango, la sivyo ubao wa paneli utalowa na kuvimba. Kabla ya kufunga, pitisha waya kwenye vitundu vya kutolea maji vya chini ya mlango mpaka uone mwanga.