Shangazi Akujibu: Nataka kwenda Uturuki kuongeza makalio

Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni. Wenzangu hosteli wana shepu, mimi ni ubao. Gauni likinivaa utadhani limetundikwa msumarini. Tangu Januari nameza vidonge vya kunenepa, nanunua kwa dada mmoja wa ghorofa ya juu. Mashavu yamejaa, nyonga hakuna kitu. Sasa najibana bumu nipate hela ya kwenda Uturuki kuongeza makalio. Mama hajui. Unanishauri nini?
Ubao, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za Uturuki, lakini mimi nimekwama kwenye vidonge. Nimekuwa muuguzi miaka 22, na uso unaojaa hivyo huku nyonga zikibaki zilivyo unanitia hofu. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa mkononi vimekutwa mara nyingi na deksamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mzio. Ukiimeza kwa miezi hupandisha presha na sukari, hudhoofisha mifupa, na mwili huacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Kwa hiyo usivitupe leo kwa woga! Ukiviacha ghafla unaweza kuanguka, hata kupoteza maisha. Wiki hii hii beba kipakiti uende zahanati ya chuo, mweleze daktari umemeza vingapi na tangu lini. Kama ndivyo, atakupunguzia dozi taratibu.

Haya, makalio. Daktari hunyonya mafuta tumboni au mapajani, kisha huyadunga makalioni. Umeniambia u ubao. Hayo mafuta yatatoka wapi? Yakidungwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu na kufika mapafuni, na hapo mgonjwa hufia mezani. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilionya kwamba huenda anakufa mtu 1 kati ya 3,000, na ndipo wakahimizwa kudunga juu ya msuli tu. Halafu unakatazwa kukalia makalio kwa wiki kadhaa, nawe una safari ya ndege ya zaidi ya saa sita. Kidonda kikivimba ukiwa hosteli, nani atakufungua bandeji?

Suala la vidonge likiisha na bado moyo unataka, madaktari wa upasuaji rekebishi wapo Muhimbili. Kawaulize ana kwa ana, na hela yako usimtumie mtu kwanza.

Mama mwambie habari ya vidonge usiku huu, hata kwa simu. Nami niandikie daktari amesemaje.