Mpunga wa mlimani: zuia maji kwanza, mbolea baadaye

SWALI: Nalima mpunga kwenye mteremko huku Matombo, Morogoro. Kila masika udongo unahamia bondeni, na nikimwaga urea, mvua moja tu nayo imekwenda. Mpunga ukitaka kutoa masuke unanyauka. Je, nichimbe majaruba na kupanda mbegu ya SARO 5 kama wenzangu wa bondeni?

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili yaache. Kwenye mteremko, kingo za jaruba hupasuka, na maji yakitoka kwa mkupuo yanachimba korongo. SARO 5 (TXD 306) nayo inataka maji ya kutosha muda wote. Tafuta NERICA 1 au NERICA 4, mbegu za nchi kavu zinazokomaa kwa siku 90 hadi 110, ziwahi kabla mvua haijakatika.

Lakini mbegu haitakusaidia udongo ukiendelea kuondoka. Kiangazi hiki pima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, kwa kipimo chenye umbo la A: miti mitatu, kamba na jiwe, basi. Kisha chimba fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wake uutupe upande wa juu, na juu ya tuta upande majani ya Guatemala; ng'ombe na mbuzi watayafurahia. Udongo unaoshuka utajikusanya nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba litajipa ngazi lenyewe. Usizilazimishe kwa kukata mlima. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, udongo mfu wa chini ukaja juu, mazao yakadumaa, na mwaka 1955 watu wakagoma. Walikuwa na haki. Palipo na mteremko mkali mno, paachie migomba na mikarafuu.

Panda kwa mistari inayokatiza mteremko, sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Usichome mabua, yatandaze. Urea usiimwage juu juu: igawe mara mbili, baada ya palizi ya kwanza na mpunga unapoanza kubeba mimba, uiweke kwenye kifereji upande wa juu wa mstari na kuifukia, udongo ukiwa na unyevu, mvua kubwa ikiwa haijatanda. Wakati wa kupanda, mbolea ya fosfati ya Minjingu inafaa udongo wenye tindikali, ila kwanza peleka sampuli ya udongo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo hapo Morogoro.