Lebo za Machapisho: Ushauri kwa Wanaosimamia Kurasa za Utalii

Anayesimamia kurasa za kampuni ya utalii hapa Moshi huulizwa swali lilelile kila mwisho wa mwezi: ni maudhui gani yanayoleta wateja? Instagram na Facebook hazilijibu. Zinaonyesha chapisho limefikia watu wangapi, limehifadhiwa na kusambazwa mara ngapi, lakini hazijui kwamba hili lilihusu wapagazi, lile bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, na jingine tembo wa Tarangire. Taarifa hiyo huongezwa kwa lebo, yaani neno fupi linaloonyesha chapisho linahusu nini, na machapisho yakishafika mamia, kuyapitia moja moja kwa mkono ni kazi isiyokwisha.

Panga lebo kabla ya kugusa programu yoyote. Lebo inafaa ikiwa tu kuna uamuzi utakaoubadilisha baada ya kuona matokeo yake. Kwenye kurasa ninazozisimamia tumebaki na makundi matatu: mada, lengo na lugha. Aina ya chapisho, yaani picha au video, haihitaji lebo kwa kuwa imo tayari kwenye faili la takwimu linalopakuliwa kutoka Meta Business Suite, chombo cha kusimamia kurasa za Facebook na Instagram. Nimeona ofisi yenye lebo nyingi kiasi kwamba kila moja ilikuwa na machapisho mawili matatu, na kutokana na hayo huwezi kuhitimisha lolote.

Njia rahisi ya kuanzia ni fomula ya REGEXMATCH kwenye Google Sheets, ambayo hutafuta maneno katika maelezo ya chapisho: likiwemo neno "Machame", jina la njia nyingine ya Kilimanjaro, chapisho linapewa lebo ya mlima. Fomula ni ya bure na ina kasi, ila haielewi muktadha. Marangu ni njia ya kupandia Kilimanjaro, tena ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala badala ya mahema, lakini pia ni eneo lenye maporomoko ya maji na mashamba ya kahawa ambako wageni hutembea siku moja na kurudi hotelini bila kupanda mlima wowote. Fomula itayaita yote mlima. Hali huwa mbaya zaidi alama reli zikiachwa ndani ya maandishi, kwa sababu #Kilimanjaro hubandikwa hata chini ya picha ya simba, ziondoe kwanza.

Hapo ndipo programu ya akili mnemba inapostahili gharama yake. Ipe orodha ya lebo, maana ya kila moja kwa sentensi fupi na mifano michache iliyowekewa lebo na mtu, kisha iagize ichague ndani ya orodha hiyo tu na iandike "haijulikani" inaposhindwa. Bila sharti hilo itabuni lebo zake yenyewe. Baadaye chukua sampuli, wewe na mwenzako muiwekee lebo kila mmoja peke yake bila kuona jibu la programu, kisha mlinganishe. Mkitofautiana ninyi wawili, msiilaumu programu, bali andikeni upya maana ya lebo hiyo. Futa pia majina na namba za simu za wageni kabla ya kutuma maandishi nje ya ofisi, kwa kuwa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Katika kusoma matokeo, usitegemee wastani. Video moja ya theluji kileleni ikisambaa ghafla huibeba lebo nzima, kwa hiyo panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa na uchukue lililo katikati, ingawa mwenye kampuni atatamani lile la juu. Machapisho yaliyolipiwa tangazo yakae peke yake, na video ilinganishwe na video. Aprili, mvua za masika zinapopunguza wapandaji, ilinganishwe na Aprili ya mwaka uliopita, si na Agosti. Na kila mnapobadilisha maana ya lebo, programu iyapitie upya machapisho yote ya zamani, la sivyo miezi ya nyuma itakuwa imehesabiwa kwa kipimo kingine.